Mjengo Unapanda, Masikio Yanaporomoka: Nani Atalipia Sikio la Kibarua?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa geti ya saiti. Kama umewahi kupita Kilimani, Ruaka, Syokimau ama Pangani hiyo saa, hii picha unaijua. Wasee wamesimama kando ya mabati, kila mtu na kabegi kake ka nguo za kazi, wakingoja fomeni atokee. Akitokea, anachagua kwa kidole. "Wewe, wewe, na wewe wa kofia." Walioitwa wanaingia. Waliobaki wanaanza kutafuta saiti ingine kabla jua lipande.

Sasa ingia na walioitwa. Helmeti ziko. Reflekta ziko. Buti, inategemea. Lakini cheki masikio. Msee ameshika breka anavunja slabu, masikio wazi. Wa grainda anakata vyuma, cheche zinaruka, miwani amevaa, masikio wazi. Kijana wa vaibreta ameweka earphones na kufungulia ngoma mpaka mwisho ndio asisikie mashine. Anadhani amejikinga. Kumbe ameongeza kelele juu ya kelele.

Jioni kila mtu analipwa zake. Handiman mia saba hapo, fundi elfu moja na kitu, watu wanatawanyika. Kesho inaweza kuwa saiti hii ama ingine kabisa. Na hapo ndipo shida yote imelala: sikio linaharibika pole pole kwa miaka kumi ama zaidi, lakini kazi ni ya siku moja. Hakuna mdosi anayekaa na huyo msee muda wa kutosha kuona hasara aliyomletea. Kila kontrakta anakula kidogo ya sikio lake, halafu anamwachia mwenzake. Msee akigonga miaka arobaini na tano hivi, bili imefika na hakuna wa kuulizwa.

Jirani analia, mwenye kushika mashine amenyamaza

Nairobi tumezoea kubonga kuhusu kelele ya mjengo. Wakaazi wa maghorofa wanalia mtandaoni kila wiki: jengo jipya linapanda nyuma ya nyumba, mixa inaanza alfajiri, mtoto halali. Wako sawa kulalamika, na sheria wanayo. Kanuni za kelele za NEMA za mwaka wa 2009 zinasema saiti ikiwa kwa mtaa wa makaazi, kelele isizidi desibeli 60 mchana na 35 usiku. Usiku hapo unaanza saa kumi na mbili jioni.

Sasa piga hesabu. Huyo jirani yuko mita hamsini kutoka kwa mashine, amefunga dirisha, na bado anaumia. Yule ameshika hiyo mashine na mikono miwili, sikio liko mita moja tu kutoka kwa injini, anaumia kiasi gani? Na yeye hawezi kupiga simu alalamike, ju hiyo kelele ndiyo inalipa rent. Kwa hivyo kila tukiongea kuhusu kelele ya mjengo tunaongea kuhusu usingizi wa mtu wa ghorofa ya nne. Masikio ya msee wa chini hayaingii kwa mazungumzo.

Kinachokufa hakimei tena

Ndani kabisa ya sikio kuna kamfereji kamejikunja kama konokono. Humo ndani kuna seli ndogo zenye vinyweleo, takriban 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo vinatikisika, na ujumbe unatumwa kwa ubongo. Sauti kubwa inavilaza vile nyasi hulala ikikanyagwa. Kanyaga mara moja uondoke, nyasi itainuka. Pita hapo kila siku, panageuka kuwa njia. Tofauti ni kwamba nyasi inaweza kumea tena mvua ikinyesha. Seli za sikio la binadamu zikikufa zimekufa. Hakuna dawa ya kuzirudisha na hakuna operesheni ya kuzipanda upya. Vifaa vya kusikia vinasaidia, lakini vinaongeza sauti tu. Havirudishi sikio lako la zamani.

Dalili za kwanza wasee wengi wa mjengo wanazijua, hawajui tu kwamba ni dalili. Unatoka job jioni masikio yamekaa kama yamezibwa na pamba. Ukilala kwa kimya unaskia mlio, kama mbu ama king'ora cha mbali. Asubuhi mambo yamerudi sawa, unarudi kazi. Baada ya miezi unaambia wenzako, "Mi nishazoea hii kelele." Wacha nikwambie ukweli, sikio halizoei kelele. Ukiona haikusumbui tena vile ilikuwa inakusumbua, kuna uwezekano ni ju hauisikii tena vile ulikuwa unaisikia.

Kinachofanya hii kitu iwe ngumu kushika ni vile inaanza. Haianzi kwa kutosikia kabisa. Sauti nyembamba za juu ndizo hupotea kwanza, hasa karibu na masafa ya 4,000 hertz. Ndipo herufi kama s, f, th, sh na t zinakaa. Sauti nene za a, o na u zinabaki. So msee anasikia kwamba watu wanaongea, lakini maneno hayashiki. "Thao" na "tao" zinaanza kufanana. "Sita" inageuka "ita". Kwa simu ni kubaya, kwa matatu ni kubaya zaidi, na mahali watu wanaongea kwa pamoja anapotea kabisa.

Nyumbani hakuna mtu anafikiria masikio. Bibi anaona amelengwa. Watoto wanaona mbuyu amekuwa mkali, kila kitu ni "nini? umesema nini?" TV iko juu mpaka jirani anagonga ukuta. Base aliyokuwa anakaa na wasee anaacha kwenda, ju anachoka kucheka jokes hajaskia. Na akirudi saiti ni hatari mpya: lori linarudi nyuma hasikii, mtu wa juu anapiga nduru kwamba ubao unaanguka, hasikii. Masikio yaliyoharibiwa na mjengo yanaweza kumuua mtu kwa mjengo huohuo.

Saa mbili na robo, siku imeisha

Desibeli hazihesabiwi kama pesa. Ukiongeza 3 peke yake, nguvu ya sauti imekuwa mara mbili. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, inatumia hesabu hii: desibeli 85, masaa 8 kwa siku. Kelele ikipanda hadi 88, masaa 4. Kwa 91 ni masaa 2. Kwa 94 ni saa moja. Kwa 97 ni nusu saa. Kwa 100 ni dakika 15.

Rudi saiti sasa. Grainda ikikata chuma, breka ikivunja konkriti, msumeno wa umeme ukipasua mbao: hizi mara nyingi hucheza karibu na desibeli 100, na zingine hupita hapo. Ukianza kazi saa mbili asubuhi bila kinga, saa mbili na robo umemaliza kipimo cha siku nzima. Chai ya saa nne haijafika hata. Masaa mengine yote mpaka saa kumi na moja unakula mtaji.

Na hiyo hesabu inachukulia kwamba ukitoka job unaenda mahali masikio yatapumzika. Wewe ni wa Nairobi, unajua unaenda wapi. Unapanda nganya ya Rongai ama ya Umoja, woofer iko chini ya kiti, saa nzima kwa jam. Sikio lenye lilikuwa linahitaji kimya limepewa awamu ya pili.

Hauna mashine ya kupima kelele? Kuna njia ya bure. Simama na mwenzako umbali wa mkono ulionyooshwa. Kama lazima upaze sauti ndio akuskie, hiyo kelele huenda imepita desibeli 85. NIOSH pia wana programu ya bure ya kupima sauti, lakini ni ya iPhone. Za Android ziko nyingi. Zingine hazipimi sawasawa, lakini zitakupa picha.

Sheria iko. Imeandikiwa nani?

Watu hudhani Kenya haina sheria ya hii mambo. Iko, na imekaa miaka ishirini hivi. Kanuni za mwaka wa 2005 za kuzuia na kudhibiti kelele kazini zinasema mfanyikazi asikae kwa kelele ya zaidi ya wastani wa desibeli 90 kwa masaa 8 ndani ya siku. Kishindo cha ghafla kisipite 140 wakati wowote. Kelele ikipita 85, mwajiri lazima awe na mpango ulioandikwa: apime kelele, afunze watu, apunguze kelele kutoka kwa mashine zenyewe, apeane kinga za masikio, aweke mabango ya onyo na apeleke watu wapimwe masikio. Wanaofaa kufuatilia ni DOSHS, kurugenzi ya usalama na afya kazini iliyo chini ya wizara ya leba.

Ukisoma hivyo unaweza kudhani tumefika. Lakini kuna shida mbili.

Ya kwanza ni hiyo namba 90. NIOSH walipiga hesabu mwaka wa 1998: watu 100 wakifanya kazi miaka 40 kwa desibeli 90, takriban 25 watapoteza uwezo wa kusikia ju ya hiyo kelele, mbali na wale uzee ungewapata. Kwa 85, idadi inashuka hadi 8 hivi. Desibeli tano zinaonekana kidogo kwa karatasi. Kwa masikio ni tofauti ya mtu mmoja kwa wanne na mmoja kwa kumi na wawili.

Shida ya pili ndiyo kubwa. Hizo kanuni zinafikiria kiwanda. Mtu anaajiriwa, anapimwa masikio, anafanya kazi miaka kwa mashine moja, anapimwa tena, namba zinalinganishwa. Masikio yakianza kushuka, mdosi anashtuka mapema na kumhamisha. Mjengo haukai hivyo. Msee wa mjengo anaweza kupitia saiti kumi kwa mwaka mmoja. Nani anampima siku ya kwanza kama siku ya kwanza ni pia siku ya mwisho? Kontrakta wa Ruaka atasema hayo masikio yaliharibikia Thika. Wa Thika atasema Mlolongo. Na hakuna karatasi ya kumkatalia yeyote.

Hiyo karatasi ndiyo inakuumiza wakati wa kudai fidia. Sheria ya WIBA ya 2007 inalipa ajali na pia magonjwa yanayotokana na kazi, na inamlazimisha mwajiri awe na insurance ya wafanyikazi wake. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, hesabu ni mshahara wa miezi 96. Ulemavu ukiwa wa sehemu, unalipwa asilimia yake. Pesa ya kubadilisha maisha, kwa karatasi. Lakini mguu ukikatwa, kila mtu aliona siku, saa na mashine. Sikio halina siku. Swali la kwanza utaulizwa ni: ulipoanza kazi hapa ulikuwa unasikia aje? Kama hukuwahi kupimwa, hauna jibu. Umepoteza kesi kabla ifunguliwe.

Kitu kingine wasee wengi hawajui. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazofika mwezi mmoja, ama akipewa kazi ambayo haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi. Kuna wasee wamekaa saiti moja mwaka mzima, wanalipwa kila Jumamosi, na bado wanaitwa vibarua. Hilo jina linamfaa kontrakta kuliko sheria inavyoruhusu.

Hata majuu walikwama hapa

Usidhani ni sisi peke yetu. Marekani walipopitisha sheria ya kupima masikio ya wafanyikazi mwaka wa 1983, ilishika viwanda na ikaacha ujenzi nje. Mjengo kwao pia una watu wa kuhama kutoka saiti hadi saiti. Mpaka leo NIOSH wanasema takriban nusu ya wafanyikazi wa ujenzi huko wamewahi kukaa kwa kelele hatari kazini.

Sweden walifikiria tofauti. Kuna shirika lililoitwa Bygghälsan, la afya ya watu wa ujenzi, ambalo miaka ya 70 na 80 lilikuwa linawaita wafanyikazi wa mjengo nchi nzima kwa checkup kila baada ya miaka michache, masikio ikiwemo. Rekodi haikuwa ya kontrakta, ilikuwa ya mfanyikazi. Ukihama kampuni, faili inakufuata. Mamia ya maelfu ya watu walipitia hapo. Hiyo ndiyo siri: kazi ikiwa ya kuhama, rekodi pia inafaa kuhama.

Anza na mashine, plagi zije mwisho

Mdosi akiambiwa ajali masikio, kitu ya kwanza anafikiria ni kununua boksi ya plagi na kupiga picha ya ripoti. Hiyo ni kuanza na mkia. Mpangilio sawa ni huu.

Kwanza, punguza kelele pale inatoka. Mixa yenye salensa imeoza na beringi zimeisha inapiga kelele kuliko ile imefanyiwa service. Blade butu inapiga kelele kuliko kali, na inachukua muda mrefu kukata. Kampuni inayokodisha mashine inafaa kuulizwa desibeli vile inaulizwa mafuta. NIOSH wanaita hii Buy Quiet: ukienda kununua ama kukodi, chagua ile ya kelele kidogo. Kontrakta wakianza kuuliza, wenye kukodisha wataanza kujibu.

Pili, weka umbali. Mahali wazi, kila ukirudia umbali mara mbili kutoka kwa mashine, kelele inashuka kama desibeli 6. Jenereta ambayo iko mita tano kutoka kwa watu ikipelekwa mita ishirini, umetoa desibeli 12 bila kununua kitu, isipokuwa waya mrefu. Sehemu ya kukata vyuma na tiles iwekwe kona moja, mbali na wanaofunga fomu na kujenga ukuta. Saiti nyingi msee wa grainda anafanyia kazi katikati ya watu ishirini. Mtu mmoja anakata, masikio ya ishirini yanalipa.

Tatu, gawa muda. Watu wawili wabadilishane breka. Lakini usidanganyike kwamba hii inatosha peke yake. Ukipunguza muda kwa nusu, umetoa desibeli 3 pekee. Kwa mashine ya 100 bado uko juu sana.

Nne, sasa kinga. Na hapa kuna hesabu ambayo inashangaza wengi. Tuseme uko kwa kelele ya 100 siku nzima na una plagi nzuri ajabu, inazuia kila kitu. Ukivaa nusu ya siku na kutoa nusu ingine, unadhani umekula nusu ya hatari? Umepunguza desibeli 3 tu. Ni kama ulikaa kwa 97 siku yote. Plagi inayotolewa kila mtu akikuita ni plagi ya picha.

Plagi za sponji zina njia yake pia. Osha mikono kwanza, ju saruji na vumbi zikiingia sikioni ni stori ingine. Viringisha plagi mpaka iwe nyembamba kama sindano ya kushona gunia. Pitisha mkono mwingine juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, halafu shikilia kwa kidole sekunde 20 ama 30 ifure. Ikiwa sawa, sauti yako mwenyewe itaskika nzito kwa kichwa. Ikiwa inaning'inia nje kama sigara, haifanyi kazi. Pamba ya duka na karatasi ya choo hazisaidii. Kwa kelele ya 100 kwenda juu, NIOSH wanashauri uvae plagi na vifuniko vya masikio pamoja.

"Lakini nikivaa sitaskia lori." Hii ndiyo sababu utaskia kila saiti, na si ya kupuuzwa. Mtu anaogopa kufa leo kuliko kuwa kiziwi 2040. Jibu halifai kuwa kumkaripia. Jibu ni saiti kupangwa: njia ya malori itengwe na ya watu, kuwe na msee wa kuelekeza lori kwa ishara za mkono, taa za kumulika kwa mashine, na plagi zisizozidi kipimo kwa wale wako mbali na breka. Na tukumbuke, mtu akishapoteza masikio hataskia lori, plagi ziwe ama zisiwe.

Mdosi mkubwa wa mjengo ni serikali

Hapa ndipo hii stori inaingia siasa, na inafaa. Tangu Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024, kila payslip inakatwa asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza 1.5 yake. Hiyo pesa inajenga. Wakubwa wakienda kuzindua hizo nyumba, wanahesabu mambo mawili: nyumba ngapi zimeisha, na vijana wangapi wamepata kazi. Sawa. Kazi ni kazi, na mtaani watu walikuwa wanaitafuta.

Lakini serikali ikiwa ndiyo mwenye mjengo, haiwezi kusema haikujua. Kontrakta anasaini tender na serikali. Kwa hiyo tender unaweza kuandikwa kipengele cha masikio, vile kuna kipengele cha simiti na vyuma: mashine zipimwe, kinga ziwe kwa bajeti na zisikatwe kwa mshahara wa kibarua, na watu wapimwe masikio wakiingia na wakitoka. Ukaguzi ukifeli, malipo yangoje. Hakuna kontrakta atalala hiyo wiki. Hiyo haihitaji sheria mpya bunge lipigane miaka mitatu. Inahitaji mtu wa kuandika mkataba aandike.

Ya pili ni rekodi. NCA, mamlaka ya ujenzi iliyoundwa na sheria ya 2011, tayari inasajili makontrakta na kutambua rasmi mafundi wa ujenzi. Namba iko, mtu yuko kwa mfumo. Kinachokosekana ni matokeo ya masikio kukaa hapohapo, yawe ya fundi mwenyewe, na mlango ufunguliwe hata kwa handiman. Akipimwa Pangani mwaka huu na Mukuru mwaka ujao, mstari unaonekana. Ukianza kushuka, anaambiwa akiwa bado na masikio ya kuokoa. Na siku ya kudai WIBA, ana karatasi.

Kuna watakaosema pesa hakuna. Weka bei kando kwa kando basi. Pair ya plagi za sponji ni pesa ya smokie na yai. Kifaa cha kusikia ni maelfu mengi, kinataka betri, kinaharibika, na msee wa mia saba kwa siku hawezi kukinunua. Pesa italipwa tu. Swali ni kama kontrakta atalipa kidogo leo, ama familia ya fundi italipa mingi baadaye.

Ukiwa saiti kesho

Sera zitachukua muda, na kesho saa kumi na mbili na nusu geti itafunguka. Kwa hivyo kama ni wewe uko kwa hiyo laini, ama ni bro wako, ama ni mbuyu, hizi ni za kubeba.

Weka pair ya plagi kwa mfuko wako mwenyewe, kwa kakaratasi kasafi. Sheria inasema mwajiri ndiye anafaa kukupa kinga, na uendelee kumdai, lakini sikio halingoji fomeni. Toa earphones ukiwa karibu na mashine. Ukipewa breka ama grainda, omba mbadilishane. Ukiwa hauna kazi na hiyo mashine, songa mbali nayo, hatua kumi tu zina maana. Chai ya saa nne, kunywia upande ulio kimya. Ukipanda mat jioni, kaa mbele, mbali na spika.

Kama saiti yenu iko na watu 20 ama zaidi, sheria ya OSHA ya 2007 inataka kuwe na kamati ya usalama. Uliza iko wapi na ni nani anawakilisha wafanyikazi. Sheria hiyohiyo inakataza mdosi kukufuta ama kukuonea ju umelalamika kuhusu usalama. Tunajua vile mambo huenda kwa ground, mtu mmoja akiongea kesho hachaguliwi kwa geti. Ndio maana ni poa muongee mkiwa kumi. Fomeni hawezi kuacha watu kumi nje na slabu inangoja kumwagwa.

Na mkipata nafasi, pimwa masikio mara moja hata kama uko sawa. Hasa kama uko sawa. Weka hayo matokeo mahali unaweka ID na cheti cha shule. Hiyo ndiyo karatasi itasema ulianza kazi ukiwa unasikia.

Kama wewe hauko mjengo, uko tu kwa keja ya ghorofa ya nne ukilaani mixa, kuna kitu unaweza kufanya pia. Siku utaenda kulalamika kwa msimamizi wa saiti kuhusu usingizi wako, uliza swali la pili: hawa vijana wameshika mashine, plagi zao ziko wapi?